Keane yupi? Duka la jezi la Shella, Malindi

Ukimwagiza fundi huyu jezi yenye jina la Keane mgongoni, hakuulizi saizi kwanza. Anakuuliza: "Keane yupi?" Kwa swali hilo nampa nyota nne na nusu. Ile nusu iliyobaki nimeizuia kwa sababu ya saizi za watoto na mambo mengine mawili nitakayoyaeleza huko mbele.

Duka ni chumba kimoja mtaani Shella, hapa Malindi, katika vichochoro vya nyuma ya Msikiti wa Juma, ule wenye makaburi ya mnara. Halina bango. Utalitambua kwa jezi zilizotundikwa kwenye vyuma vya dirisha na kwa vijana wanaokaa barazani wakibishana mpira. Ndani mna meza, kompyuta, mashine ndogo ya kukata herufi na ile mashine ya pasi ya kuzibandikia. Jezi mpya zimepangwa upande wa kulia, na upande wa kushoto ziko za kizamani, zile zinazotengenezwa leo kwa sura ya jezi za miaka ya nyuma. Huo upande wa kushoto ndio ulionipeleka.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule na madera, na nguo yoyote nikipewa naigeuza kwanza nitazame ndani. Kwa hiyo haya ninayoyasema kuhusu mshono na kitambaa ni ya mtu anayeishi kwa cherehani.

Kila Idd Mosi jioni, upande wetu na upande wa mashemeji tunacheza mpira ufukweni, wake kwa waume, wazee kwa watoto. Safari hii nilijitolea kununua jezi tano: ya kaka yangu mkubwa, ya mume wangu, ya binti yangu, na mbili za wanangu pacha. Nikamtumia fundi ujumbe wa sauti kwamba nataka jezi nne za Keane na moja ya Kane. Hakuanza kazi. Alinipigia simu.

"Mama, samahani. Hao akina Keane wanne ni mtu mmoja au watu wanne?"

Nikamwambia, "Mwanangu, wa kuvaa ni watu wanne."

"Basi njoo dukani. Au nitajie mmoja mmoja, na klabu, na mwaka."

Nilikwenda. Na ninashukuru nilikwenda, kwa sababu nilijifunza kuhusu jina hilo moja mambo ambayo sikuyapata kwa miaka yote ya kukaa nyumba moja na wapenzi wa mpira.

Tulianza na kaka. Keane wa kaka ni Roy, na hapo hapana mjadala. Ni mzaliwa wa Cork, kusini mwa Ayalandi, 1971. Nottingham Forest walimnunua kutoka klabu ndogo ya Cobh Ramblers kwa pauni 47,000, na 1993 Manchester United wakamchukua kwa pauni milioni 3.75, bei ambayo haikuwa imewahi kulipwa na klabu ya Uingereza. Fundi akaniambia jambo ambalo hata kaka hakulijua: msimu huo wa 1993/94 ndio msimu Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza kuandika majina mgongoni na kumpa kila mchezaji namba yake ya msimu mzima. Roy aliingia United na jina KEANE na namba 16, akatoka 2005 na namba hiyo hiyo. Kwa hiyo ukitaka KEANE 16 ya United, umepewa miaka 12 ya kuchagua, na jezi si moja. Fundi akaanza kuzishusha. Hii ina jina la mdhamini Sharp kifuani, ile la Vodafone. Hii imetengenezwa na Umbro, ile na Nike tangu 2002. "Kaka yako anamkumbuka wa wakati gani?"

Nikampigia simu kaka. Hakufikiri hata kidogo. Alitaka ya 1999.

Na huko nyumbani kwetu kila mtu anajua kwa nini. Nusu fainali ya klabu bingwa Ulaya, Turin, tarehe 21 Aprili 1999. Juventus wamefunga mawili kabla hata dakika kumi na mbili hazijatimia, yote ya Inzaghi. Roy akaruka kwenye kona akalifunga la kwanza la United kwa kichwa. Muda mfupi baadaye akapewa kadi ya njano kwa kumchezea Zidane vibaya, na kadi hiyo ilimaanisha kwamba wakifika fainali yeye hatacheza. Akaendelea kucheza kana kwamba hajaonyeshwa kitu. United walishinda 3–2, wakaenda Barcelona wakatwaa kombe mbele ya Bayern ya Ujerumani, na nahodha wao akatazama akiwa amevaa suti. Kaka husimulia mechi hiyo mpaka leo akiwa amesimama. Hawezi kuisimulia ameketi.

Fundi akatoa jezi nyekundu yenye kola ya zipu, Umbro, Sharp kifuani. Nikaigeuza. Mshono wa begani umepigwa oveloki vizuri, zipu haikwami, na pindo la chini limekaa sawa mzunguko mzima. Kitambaa ni kizito kuliko jezi za siku hizi, na joto letu la Malindi utalisikia ukiivaa saa saba mchana. Lakini jezi za wakati ule ndivyo zilivyokuwa, na anayetaka ya 1999 anataka hivyo.

Keane wa mume wangu ni mwingine kabisa. Huyo ni Robbie, wa Dublin, aliyezaliwa 1980. Hana udugu wowote na Roy. Wamekutana kwenye jina, na kwenye timu ya taifa ya Ayalandi, basi. Mmoja ni kiungo wa kukaba na kuamrisha, mwingine ni mshambuliaji aliyekuwa akifunga goli kisha anabingirika na kusimama akijifanya anarusha mishale. Ameifungia Ayalandi mabao 68 katika mechi 146, na hakuna Mwayalandi aliyemfikia kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kwa Robbie swali la fundi ni gumu zaidi, kwa sababu mtu huyu amevaa jezi nyingi mno. Wolves, Coventry, Inter ya Milan, Leeds, Tottenham, Liverpool, Celtic, West Ham, LA Galaxy, Aston Villa, na mwishoni ATK ya India. Liverpool alikwenda 2008, akavaa namba 7, na kufikia Februari 2009 alikuwa amesharudi Tottenham. Fundi akaniambia kuna mteja aliyewahi kuagiza "Keane wa Celtic", na hapo ndipo alipoona kwamba jina na klabu pia havitoshi: Roy alimalizia mpira wake Celtic 2006, na Robbie akaenda kucheza huko kwa mkopo 2010. Klabu ni ile ile, jina ni lile lile, rangi ni zile zile za kijani na nyeupe. Bila mwaka, unambandikia mtu mgeni mgongoni.

Ndiyo maana ana daftari. Ni daftari la kawaida la shule, la mistari. Kwa kila agizo anaandika jina kamili la mchezaji, klabu, msimu na namba, kisha anakupa usome na utie sahihi kabla hajakata herufi hata moja. Nimeona wafanyabiashara wakubwa mjini hapa wasiofanya hivyo kwa mizigo ya maelfu.

Mume wangu ni wa Tottenham, kwa hiyo tukaandika: Robbie Keane, Tottenham, jezi nyeupe ya Kappa yenye Thomson kifuani, namba 10.

Halafu tukafika kwa binti yangu, na hapa ndipo nilipomheshimu kijana huyu. Binti yangu pia ni wa Tottenham, alirithi kwa baba yake. Yeye anamtaka Harry Kane, mfungaji bora wa Kombe la Dunia 2018, mtu aliyeifungia Tottenham mabao 280 kabla ya kuhamia Bayern 2023. Kane naye alivaa namba 10 Tottenham. Sasa tazama: jezi mbili nyeupe, klabu moja, namba 10 zote mbili, moja imeandikwa KEANE na nyingine KANE. Tofauti ni herufi moja tu, E, na watu wenyewe wametengana miaka kumi na mitatu kwa kuzaliwa.

Kosa hapo ni rahisi kuliko kumeza mate. Nalijua, kwa sababu mwaka juzi duka jingine la mjini, ambalo sitalitaja, lilimfanyia mume wangu kosa hilo hilo. Aliagiza Keane wa zamani, akapewa Kane juu ya jezi ya Thomson, jezi ambayo Harry Kane alipokuwa mtoto mdogo ndiyo iliyokuwa ikivaliwa. Alipoirudisha wakamwambia ni jina lile lile, limekosewa tahajia tu. Hawakurudisha pesa. Mume wangu hakuivaa hata siku moja, aliikunja akaitia sandukuni. Mtu asiyependa mpira atasema ni herufi moja. Mimi nimemwona akiikunja.

Huyu wa Shella aliziweka zile mbili mezani bega kwa bega, akanionyesha na jambo jingine ambalo jicho langu la ushonaji lilipaswa kuliona lenyewe: sura za herufi hazifanani. Ligi iliamua 1997 kwamba klabu zote zitumie herufi za aina moja, ikazibadilisha 2007, ikazibadilisha tena 2017. Kwa hiyo KEANE ya Roy ya 1999 na KEANE ya Robbie ya 2002 zina herufi za sura moja, ingawa watu ni wawili. KANE ya binti yangu, kwenye jezi ya Nike yenye AIA kifuani, ni ya herufi za 2017. Anazo zote kwenye kompyuta, kila moja kwa miaka yake. Angeweza kutumia zile zile kwa wote na mimi nisingejua. Hakufanya hivyo.

Nilimuuliza kama Keane na Kane ni jina moja. Hakujua, akasema wazi kwamba hajui, nami nikaenda nikasoma. Akina Keane na Kane wengi, na akina O'Kane pia, wanatoka kwenye jina moja la Kiayalandi, Ó Catháin, yaani wazao wa Cathán. Waingereza walipotawala, majina yaliandikwa kwa Kiingereza na kila karani akaandika alivyosikia. Huyu akaandika Kane, yule Keane, mwingine akabakisha ile O, mwingine akaitupa. Upande wa kaskazini, huko Derry, akina Ó Catháin walikuwa watawala wenye ardhi na ngome mpaka mwanzoni mwa karne ya 17. Lakini walikuwepo wenye jina hilo magharibi pia, na si lazima wawe wametoka kwa babu mmoja na wale wa kaskazini. Baba yake Harry Kane asili yake ni Galway, magharibi. Kwa hiyo binti yangu na baba yake, pale sebuleni, huenda wamevaa jina lenye shina moja bila ya mmoja wao kukusudia. Nilipowasomea, binti yangu alifurahi. Mume wangu alisema hata hivyo Robbie ni Robbie.

Na kweli hapa kwetu nani asiyelielewa hilo? Nenda uwanja wa Alaskan siku ya ligi ya mtaa uwasikize makocha wakiita. Kuna Kazungu watatu, Charo wawili, na akina Mohamed huwezi kuwahesabu. Ukipaza sauti "Kazungu!" wanageuka upande wote wa kushoto wa uwanja. Tunawatofautisha kwa jina la baba, kwa mtaa, kwa kazi ya mama. Kazungu wa Barani si Kazungu wa Muyeye, na ukimpa mmoja sifa za mwenzake umemdhulumu. Ndivyo kaka yangu anavyojisikia mtu akimtajia Keane kisha akasimulia mabao ya Robbie.

Siku ya kuzichukua jezi, kaka na mume wangu walikuja wote wawili, na pale dukani wakaliamsha la Saipan. Wasiojua: Mei 2002 timu ya Ayalandi ilipiga kambi kisiwani Saipan kabla ya Kombe la Dunia. Roy, nahodha, alilalamika kwamba uwanja wa mazoezi ni mgumu na vifaa havijafika, akagombana na kocha Mick McCarthy mbele ya timu, akarudishwa nyumbani kabla mashindano hayajaanza. Kombe likachezwa bila yeye. Robbie akafunga matatu, na lile la kwanza aliwafunga Wajerumani dakika za nyongeza, 1–1. Ujerumani hawakufungwa bao jingine lolote mpaka fainali.

Kaka anasema Roy alikuwa na haki: ukienda Kombe la Dunia, nenda kama unayetaka kulishinda. Mume wangu anasema nahodha haachi jahazi baharini. "Shemeji, aliachwa, hakuacha," kaka akamjibu. Fundi hakuingilia. Alizima mashine ya pasi, akawavutia viti, akaagiza kahawa chungu kwa muuza kahawa aliyekuwa akipita. Wateja wengine walikuja wakahudumiwa huku mjadala unaendelea. Ukarimu wa namna hiyo hauandikwi kwenye bei, na mimi nauhesabu kuwa sehemu ya huduma. Kama unataka maoni yangu, namuunga mkono kaka. Nimewahi kushona sare za shule nzima kwa kitambaa kibovu nilicholetewa, najua uchungu wa kuambiwa uvumilie jambo ambalo lingeweza kufanywa vizuri.

Keane wa tatu na wa nne ndio walionishangaza zaidi, na wazo lilikuwa la fundi mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia kwamba wanangu pacha wanataka na wao Keane kwa kuwa mjomba na baba wana Keane, na kwamba sitaki wavae sawasawa kwa sababu watu wamechoka kuwauliza nani ni nani. Akacheka akasema, "Mama, wapo. Keane pacha wapo."

Ni Michael na Will Keane, waliozaliwa siku moja, tarehe 11 Januari 1993, Stockport, karibu na Manchester, baba yao akiwa Mwayalandi. Wote wawili walilelewa kwenye timu za vijana za Manchester United. Michael ni beki, Everton walimnunua 2017 kutoka Burnley. Will ni mshambuliaji. Sasa sikiliza: Michael alianza kwa kuichezea Ayalandi ya vijana, kisha akawa mchezaji wa timu kubwa ya Uingereza. Will alianza na Uingereza ya vijana, kisha 2021 akaichezea timu kubwa ya Ayalandi. Walipishana njiani. Tumbo moja, jina moja, jezi mbili za mataifa mawili, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Niliwasimulia wanangu usiku ule na walitaka nirudie. Aliyetangulia kuzaliwa akachagua Michael na jezi nyeupe ya Uingereza. Mdogo wake kwa dakika chache akachagua Will na kijani ya Ayalandi. Wote wawili walitaka namba 9, umri wao. Fundi akawaambia bila kuwaficha kwamba hiyo ni namba yao wao watoto, hakuwa akiwaandikia namba ya akina Keane, wakakubali. Akapendekeza herufi ya kwanza itangulie, kama inavyofanyika wenye jina moja wakiwa timu moja: M. KEANE na W. KEANE. Kwenye daftari aliandika pia jina la kila mtoto mbele ya agizo lake, ili zisichanganywe.

Yuko na Keane mwingine ambaye sikumwagizia jezi, ila nilimtaja pale dukani. Marehemu baba yangu alikuwa msikilizaji wa redio, na Keane wa kwanza kuingia nyumbani kwetu hakuwa mchezaji. Alikuwa Fergal Keane, mwandishi wa BBC aliyeripoti kutoka Afrika Kusini ubaguzi ulipokuwa ukianguka, na kutoka Rwanda 1994. Baba alikuwa akituambia tunyamaze akisikia sauti yake. Ni mpwa wa John B. Keane, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Listowel, kaunti ya Kerry. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimtajie tena jina, akaliandika nyuma ya daftari.

Sasa bei na ubora. Jezi ya mtu mzima ilikuwa shilingi 1,500, ya mtoto 900, na kuandika jina na namba 300 kwa kila jezi. Zote tano zilifika 7,800, akanipunguzia zikawa 7,500. Unalipa nusu kwa M-Pesa ukishatia sahihi, nusu ukichukua. Kuna wanaouza jezi chini ya hapo barabarani karibu na soko, lakini zile nimezigeuza pia: uzi unachomoka kwapani kabla hujazivaa.

Herufi amezibandika kwa kipimo. Nilizipima kwa futi yangu ya ushonaji, umbali kutoka kola ni mmoja kwenye jezi zote za watu wazima, na jina liko katikati bila kuegemea. Tumeshazifua mara nyingi tangu Idd, kwa maji yetu ya kisima yenye chumvi, na tumezianika kwenye jua ambalo mnalijua. Rangi nyekundu ya kaka haijafifia. Kwenye jezi ya kijani ya mtoto ncha ya herufi K ilinyanyuka. Niliirudisha, akaibandika upya nikiwa nimesimama, hakunitoza kitu wala hakunitafutia lawama. Mwenyewe anashauri ufue jezi ukiwa umeigeuza nje ndani, maji baridi, usitie jiki, na usipitishe pasi juu ya herufi.

Malalamiko yangu ni haya. Saizi za watoto hana za kutosha. Jezi mbili za pacha wangu zilikuwa pana mabegani na ndefu mikononi, ikabidi nizipunguze mwenyewe kwa cherehani. Mimi naweza, mama mwingine atalipa fundi wa nguo juu ya ile bei. Ananiambia mzigo unatoka Nairobi na wanaouleta hupendelea saizi kubwa. Namwelewa, lakini wanunuzi wa jezi hapa Malindi nusu yao ni wazazi, na amuagize mletaji ipasavyo. La pili ni kwamba hana mahali pa kujaribia. Mwanamke akitaka kupima jezi ni lazima aende nayo nyumbani au aivae juu ya buibui. Pazia moja kwenye pembe lingetosha, na nilimwambia nitamshonea bure akiweka fimbo. Na umeme ukikatika kazi inasimama, kwa kuwa mashine zote mbili ni za umeme. Agizo langu lilichelewa kwa sababu hiyo. Alinijulisha mapema, ila siku za kuelekea Idd watu ni wengi na kuchelewa kunauma.

Ukienda, usiende na jina peke yake. Mkumbuke mtu wako vizuri: klabu, mwaka, namba, na ukiweza, mechi. Ukiagiza kwa ujumbe wa sauti litamke jina polepole, maana Kini (Keane) na Keni (Kane) kwenye simu mbovu husikika sawa, na atakupigia tena hata hivyo. Anafungua asubuhi kila siku isipokuwa Ijumaa, siku ambayo hufunga kabla ya swala na kufungua tena alasiri. Juzi alinitumia ujumbe kwamba mletaji wake wa Nairobi amekubali kumtafutia saizi za miaka saba hadi kumi. Zikifika nitakwenda na futi yangu, nizipime mabegani, na kama ziko sawa ile nusu nyota nitaiongeza hapa hapa.